Jinsi ya kuyafikisha maumivu yako kwenye faili la daktari

Mimi ni muuguzi wa kliniki ya magonjwa ya wanawake, na ni mimi ninayewapokea wagonjwa kabla hawajaingia kwa daktari. Nawapima presha, nawauliza kilichowaleta, kisha naingia nao chumbani na kusimama kando ya kitanda. Kwa hiyo habari ya kila mwanamke naisikia mara mbili, na mara nyingi hizo mbili hazifanani. Kwenye benchi ananiambia, "Sista, jana nimelala bafuni sakafuni hadi alfajiri, hata kusimama nilishindwa." Mlango ukishafungwa anamwambia daktari, "Tumbo linanisumbua nikiwa kwenye siku zangu." Daktari anaandika maneno matatu, maumivu ya hedhi, anaongeza dawa ya kutuliza, anaita mwingine.

Wapo madaktari wanaoambiwa yote ya sakafuni na bado wakaandika maneno yale yale matatu. Nimewaona, na hasira yangu juu yao haijaisha. Ila wote, wazuri na wagumu, wanafanyia kazi kile kilichomo kwenye faili. Daktari utakayemkuta miezi mitatu ijayo huenda si huyu wa leo. Atafungua faili, atasoma "maumivu ya hedhi", ataendelea kutoka hapo. Usiku wako wa bafuni haumo. Nitakayoyaeleza hapa ni namna ya kuuingiza.

Yasiyosubiri maandalizi

Maumivu makali ya ghafla upande mmoja wa chini ya tumbo, hasa kama siku zako zimechelewa au unatokwa na damu usiyoielewa, pamoja na kizunguzungu au maumivu kwenye ncha ya bega, yanaweza kuwa mimba iliyotunga nje ya kizazi. Hiyo inaua. Maumivu ya ghafla yanayokuja na kutapika yanaweza kuwa ovari iliyojisokota, na ovari ikikosa damu kwa saa kadhaa huenda isiokolewe. Homa pamoja na maumivu ya nyonga na uchafu wenye harufu ukeni ni maambukizi yanayoweza kuharibu mirija ya uzazi. Damu inayojaza pedi nzima kila saa, kwa saa mbili mfululizo au zaidi, nayo ni dharura. Nenda siku hiyo hiyo, na ukifika mapokezi anza kwa kusema kwamba yameanza ghafla na yameanza saa ngapi. Kama kuna uwezekano wa mimba, liseme hilo pia bila kusubiri kuulizwa.

Kwa mwanamke ambaye hedhi yake imekoma mwaka mzima au zaidi, damu yoyote, hata tone, lazima ichunguzwe. Vivyo hivyo damu inayotoka baada ya tendo la ndoa. Na tumbo kujaa gesi siku nyingi, kushiba haraka, kwenda haja ndogo kila mara na maumivu ya nyonga, vikiwa vipya na vikijirudia zaidi ya mara 12 kwa mwezi, hasa ukiwa na miaka 50 na kuendelea, ni dalili ambazo daktari anapaswa kuzifikiria pamoja na saratani ya ovari. Wanawake wengi wenye dalili hizo hutibiwa vidonda vya tumbo kwanza.

Kwa nini inabidi ujiandae

Hupaswi kujiandaa hivi. Mtu mwenye mguu uliovunjika haji na daftari. Lakini magonjwa yetu mengi hayaonekani kwa macho, na elimu juu yake imechelewa. Mwaka 1977 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliwaweka kando wanawake wenye uwezo wa kushika mimba katika hatua za mwanzo za majaribio ya dawa, na zuio hilo likaondolewa mwaka 1993. Utafiti uliochapishwa huko huko mwaka 2008 uliwafuata watu waliofika idara ya dharura na maumivu makali ya tumbo: wanaume walisubiri takriban dakika 49 kupata dawa ya maumivu, wanawake takriban dakika 65, ilhali ukali wa maumivu waliyoyataja ulikuwa karibu sawa.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba endometriosisi, ugonjwa ambao tishu zinazofanana na ukuta wa ndani wa kizazi huota nje yake, inawapata wanawake na wasichana wapatao milioni 190, yaani karibu mmoja kati ya kila 10 walio katika umri wa kuzaa. Wengi wao hukaa miaka kadhaa, wengine zaidi ya 10, kabla ya kuambiwa jina la kinachowaumiza. Kwa hiyo ukipigwa danadana, usianze kujishuku akili.

Daftari

Chukua daftari dogo au simu, andika kwa mizunguko miwili au mitatu. Usiandike shajara ya hisia, andika mambo ambayo mtu mwingine angeweza kuyaona. Hizi ni kurasa za namna ninayopenda kuletewa:

Siku ya 1. Yameanza saa 9 usiku. Ibuprofeni miligramu 400 saa 9 na nusu. Nafuu ndogo, yakarudi saa 12 asubuhi. Nimetapika mara mbili. Sikwenda kazini.

Siku ya 2. Pedi kubwa kila saa moja na nusu hadi jioni. Mabonge mawili, upana kama sentimita 3. Haja kubwa iliniuma mpaka jasho likanitoka.

Siku ya 16. Tendo la ndoa. Maumivu ya ndani kabisa, si ya mlangoni, yakaendelea hadi asubuhi. Tuliacha katikati.

Hesabu ya siku inaanza siku ya kwanza ya damu. Kiwango cha maumivu cha 0 hadi 10 kiandike, kwa kuwa utaulizwa, lakini kando yake andika ulichoshindwa kufanya. Namba ni rahisi kuitilia shaka. Nimemwona daktari akisikia "tisa" na kutazama mwanamke aliyekaa kitako ametulia, akaandika "wastani". Kumbe mwanamke yule amejikaza kisabuni tangu shuleni, na kutulia ndiko kunakompitisha mlangoni. Lakini "nilishindwa kumbeba mtoto", "niliteremka kwenye gari njiani nikakaa chini", "nilikosa mtihani", hayo yanaandikwa kama yalivyo.

Kwa damu, vipimo vinavyomsimamisha daktari ni hivi: pedi kujaa kila saa moja au mbili, kulazimika kuvaa pedi mbili kwa pamoja, kuamka usiku kubadilisha, mabonge yanayozidi sentimita 2.5, hedhi inayozidi siku 8, au mzunguko ulio mfupi kuliko siku 24 au mrefu kuliko 38. Zamani vitabu vilisema damu nyingi ni ile inayozidi mililita 80 kwa hedhi moja. Hakuna mwanamke anayepima mililita nyumbani, na siku hizi miongozo mingi inasema damu ni nyingi ikiwa inavuruga maisha yako. Sentensi hiyo ishike, kwa sababu ina maana kwamba shahidi mkuu ni wewe.

Dawa nazo ziandike kwa jina, kipimo na saa. Dawa za jamii ya ibuprofeni hufanya kazi kwa kuzuia prostaglandini, kemikali zinazokifanya kizazi kijikaze, hivyo hufaa zaidi zikianza mapema, maumivu yanapoanza au hata kabla, kuliko kusubiri mpaka yameshika. (Kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu, au huenda una mimba, uliza kwanza.) Ukizitumia ipasavyo na bado hazishiki, hilo ni jambo la kitabibu lenye uzito. Wengi huambiwa waongeze paracetamol kwa sababu faili halionyeshi walishatumia nini.

Kisha, usiku wa kuamkia miadi, toa yote hayo kwenye ukurasa mmoja. Juu kabisa: umri, tangu lini, tarehe ya hedhi ya mwisho, dawa ulizotumia, vipimo ulivyofanya na majibu yake. Kati: dalili tatu nzito. Chini: maswali mawili. Fanya nakala mbili, moja uombe ibaki kwenye faili. Daftari lote daktari hatalisoma, na huna haja ya kumlaumu kwa hilo. Ukurasa mmoja anausoma. Mimi huubana mbele kabisa ya faili kwa pini, na nimeona ukisomwa hata na wale wasiosoma kitu.

Sentensi ya kwanza

Utafiti mmoja wa Marekani wa mwaka 1984 uligundua kwamba madaktari walimkatiza mgonjwa baada ya sekunde 18 kwa wastani. Nikisimama pale kando ya kitanda, sioni kama mambo yamebadilika sana. Kwa hiyo salamu iwe fupi, na la uzito litangulie.

Wanawake wengi huanza na dogo ili kupasha moto mazungumzo: uchovu, kichwa, kisha mlango ukikaribia kufunguliwa ndipo linatoka lile la damu. Daktari ameshaandika uchovu na kichwa. Geuza. Sema kitu kama hiki: "Daktari, nina miaka 29. Kwa miaka minne kila hedhi inanilaza kitandani siku mbili, natapika, na ibuprofeni haishiki. Mwaka huu maumivu yameanza kuja pia wakati wa tendo la ndoa na nikienda haja kubwa. Nahitaji tutafute chanzo, si kuongeza dawa ya maumivu tu." Hiyo ni nusu dakika. Ina muda, ina athari, ina dawa iliyoshindwa, ina kilichobadilika, na ina ombi. Ijaribu kwa sauti nyumbani, ili siku yenyewe isikukwame kooni.

Usiyapunguze kwa adabu. Najua tumelelewa kuzungumza kwa staha, na maneno ya sehemu za siri hayatoki mbele ya mtu mzima, tena mwanamume. Lakini mambo matatu ndiyo hasa yanayomtoa daktari kwenye "maumivu ya hedhi" na kumpeleka kwenye ugonjwa: maumivu ya ndani wakati wa tendo la ndoa, maumivu au damu wakati wa haja kubwa au ndogo siku za hedhi, na damu inayotoka pasipo wakati wake. Hayo matatu ndiyo yanayobaki kwenye benchi. Kama ulimi hautaki, yaandike, mpe karatasi, sema "mengine nimeyaandika hapa". Hakuna daktari aliyewahi kushtuka mbele yangu kwa sababu mgonjwa ametaja uke.

Vipimo, na vile visivyoviona

Hapa ndipo wanawake wengi hupoteza miaka. Wanapigwa ultrasaundi, majibu yanarudi safi, wanaambiwa hawana kitu. Ultrasaundi huona vizuri faibroidi (uvimbe wa kizazi usio saratani), uvimbe wa ovari, na endometriosisi iliyozama ndani ikiwa mpigaji picha ana ujuzi nayo. Vidonda vidogo vya juu juu kwenye utando wa tumbo havionekani. Mwongozo wa mwaka 2017 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unawaambia madaktari waziwazi kwamba wasiufute ugonjwa wa endometriosisi kwa sababu tu uchunguzi wa mkono, ultrasaundi au MRI imetoka kawaida. Kipimo cha damu cha CA-125 nacho hakitakiwi kutumiwa kuuthibitisha wala kuukataa. Zamani ilisemwa lazima upasuaji wa matundu madogo, laparoskopi, ndipo ugonjwa ujulikane. Tangu mwongozo wa ESHRE, chama cha Ulaya cha wataalamu wa uzazi, wa mwaka 2022, upasuaji huo umebaki kwa wale ambao picha hazikuonyesha kitu au matibabu ya kuanzia yameshindwa. Maana yake kwako: daktari anaweza kuanza kutibu kwa dalili, na ukiambiwa "picha ni safi", jibu ni, "Nashukuru. Picha safi inaondoa nini, na haiondoi nini?"

Mdogo wangu wa kuzaliwa alikuwa akitokwa na damu nyingi kila mwezi, akawa anachoka mpaka kupanda ngazi ni kazi, nywele zinakatika. Himoglobini yake ilikuwa 12.1, na kwa kuwa mwanamke asiye na mimba huhesabiwa kuwa na upungufu wa damu chini ya 12, aliambiwa yuko sawa, apumzike, aache mawazo. Tuliomba feritini, kipimo cha akiba ya chuma mwilini. Ilikuwa 6. Shirika la Afya Duniani linahesabu chini ya 15 kwa mtu mzima kuwa ni upungufu wa chuma, na madaktari wengi huanza kutibu chini ya 30. Akiba huisha kwanza, damu hushuka baadaye. Mwanamke mwenye hedhi nzito anayechoka aombe vyote viwili.

Kisha tukaambiwa ana faibroidi "ndogo tu", ya sentimita mbili, haiwezi kuwa na neno. Ukubwa si hoja peke yake, mahali ilipokaa ndiyo hoja. Faibroidi ndogo iliyojitokeza ndani ya uwazi wa kizazi inaweza kumwaga damu nyingi, na kubwa iliyoota upande wa nje ikakaa kimya miaka. Uliza iko tabaka gani. Yake ilikuwa ndani ya uwazi, ikatolewa kupitia ukeni bila kuchanwa tumbo. Nawataja pia wanawake ambao hedhi yao imekuwa nzito tangu ile ya kwanza kabisa, wanaotoka damu puani, na wanaovuja sana baada ya kung'olewa jino: mwombe daktari afikirie ugonjwa wa damu kutoganda vizuri, hasa ule uitwao von Willebrand. Unasahaulika mno.

Jambo jingine ni dawa za maambukizi zinazorudiwa bila kipimo. Mwalimu mmoja alifika kwetu akiwa ameshapewa antibaiotiki za njia ya mkojo mara nyingi kuliko alivyoweza kukumbuka. Mkojo wake haukuwahi kuoteshwa maabara kuona kama una vijidudu. Tulipoweka tarehe zake mezani, kila "maambukizi" yalianguka siku mbili za mwanzo za hedhi. Mkojo ulipooteshwa hakuna kilichoota, na picha ya MRI ikaonyesha endometriosisi kwenye kibofu. Kabla ya kumeza tena dozi nyingine, omba mkojo uoteshwe au majimaji ya ukeni yapimwe. Isipokuwa kama una homa na nyonga inauma sana: hapo dawa huanza mara moja na majibu hufuata.

Kwa wale ambao hedhi haieleweki, chunusi na nywele zimezidi, kujua hili kunasaidia: ugonjwa wa ovari zenye vifuko vingi hutambuliwa kwa mambo mawili kati ya matatu, yaani hedhi isiyo na mpangilio, homoni za kiume zilizozidi, na mwonekano wa ovari au, kwa mtu mzima, kipimo cha damu cha AMH, homoni inayotoka kwenye ovari. Ovari za kawaida kwenye picha hazikufuti. Tezi ya shingo nayo ipimwe.

Naomba pia usiingie ukiwa umeshafunga ndoa na jina moja la ugonjwa. Ndani ya nyonga kuna utumbo, kibofu, misuli na neva, na vyote huuma. Ukisema "nina endometriosisi" daktari anaweza kuanza kubishana na intaneti badala ya kukuchunguza wewe. Ukisema "dalili zangu ni hizi, nataka kujua kama inaweza kuwa endometriosisi, na kama siyo, ni nini", umemwachia kazi yake na bado jina limetajwa.

Majibu yanayofunga mlango

"Ni kawaida, wanawake wote huumia." Jibu: "Kuumia nakuelewa, daktari. Ila haya yananilaza siku mbili na dawa haishiki. Kwa maumivu ya namna hii, ni magonjwa gani unayoyafikiria?" Swali hilo humrudisha kwenye kazi aliyoisomea. Wengi hujibu, na wakijibu inakuwa vigumu kutoandika.

"Olewa uzae, yataisha." Hili linaniuma zaidi ya yote, kwa sababu linaambiwa hata wasichana wa sekondari. Mwongozo ule ule wa ESHRE wa 2022 unasema wagonjwa wasishauriwe kubeba mimba kwa lengo la kutibu endometriosisi. Na ugonjwa wenyewe unaweza kuzuia mimba. Jibu: "Leo nimekuja kwa ajili ya maumivu. Matibabu yake ni yapi kwa mtu ambaye hatafuti mtoto?" Na umri mdogo si kinga, mabinti wa miaka kumi na kitu wanapata ugonjwa huu.

"Ni mawazo." Usikane kwamba una huzuni au hofu, kama unazo. Wanawake wengi huficha usingizi uliopotea na machozi ili yasije kutumiwa dhidi yao, na hivyo wanakosa msaada wa yote mawili. Sema: "Ndiyo, nimechoka na nina mawazo, na maumivu haya ni sehemu ya sababu. Naomba tutibu mawazo na tuchunguze mwili, vyote kwa pamoja."

"Punguza uzito kwanza." Jibu: "Nitalishughulikia. Mgonjwa mwembamba mwenye dalili hizi ungempima nini? Naomba nami nipimwe hicho."

"Tumia vidonge vya uzazi wa mpango." Hapa niwe mkweli: si kila mara ni njia ya kukuondoa. Homoni ni matibabu halisi ya hedhi nzito na ya endometriosisi, na wapo waliopata maisha yao kwayo. Kinachokosekana ni maelezo. Uliza: tunatibu ugonjwa gani kwa vidonge hivi, nivitumie kwa muda gani kabla ya kuamua havifai, na visipofaa hatua inayofuata ni ipi? Majibu yote matatu yaandikwe.

Na kama daktari amekataa kipimo bila kueleza, kuna sentensi moja ninayowafundisha wanawake, isemwe kwa upole, bila kupandisha sauti: "Naomba uandike kwenye faili kwamba nimeomba kipimo hiki, na sababu ya kutokifanya." Nimeona kalamu ikisimama hewani kwa sentensi hiyo. Wakati mwingine sababu inatolewa na ni nzuri, wakati mwingine fomu ya kipimo inajazwa. Vyovyote vile, faili limebadilika.

Mcheza tenisi Serena Williams aliwahi kusimulia yaliyompata baada ya kujifungua kwa upasuaji mwaka 2017. Alishindwa kupumua, na kwa kuwa alishawahi kupata damu iliyoganda mapafuni, alimwambia muuguzi kwamba anahitaji picha ya CT na heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda. Walidhani dawa za maumivu zimemchanganya, wakaanza kwa kupiga ultrasaundi ya miguu. Hawakuona kitu. CT ilipofanywa, mabonge yalikuwa mapafuni. Mwanamke mwenye jina kama lake alihitaji kurudia ombi lake. Rudia lako. Taja historia yako, taja kipimo, sema tena.

Kitandani

Una haki ya kuwa na mwanamke mwingine chumbani wakati wa kupimwa, muuguzi au ndugu yako. Una haki ya kusema "acha" katikati, na kazi yangu pale ni kuhakikisha inaachwa. Kifaa cha kupanulia uke kina saizi mbalimbali, omba kidogo. Unaweza kuomba ukiingize mwenyewe. Kama hujawahi kufanya tendo la ndoa, sema mapema, kwani kuna picha za kupitia juu ya tumbo au njia ya haja kubwa. Kama uliwahi kuumizwa au kulazimishwa, si lazima usimulie. "Kupimwa ni kugumu kwangu, naomba uende taratibu na unieleze kila hatua" inatosha.

Kabla ya kuwekewa kitanzi, kuingizwa kamera kwenye kizazi au kukatwa kipande cha nyama cha kupimwa, uliza ganzi. Usikubali "ni kubanwa mara moja tu" kuwa jibu pekee. Mwaka 2024 CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, kiliwashauri watoa huduma wazungumze na kila mwanamke kuhusu maumivu ya kuwekewa kitanzi, na kutaja ganzi ya lidokeini kuwa inaweza kusaidia.

Anayekusindikiza

Njoo na mtu, na mkubaliane nje. Kazi yake si kukusemea. Kazi yake ni kuandika yanayosemwa na kutoa ushahidi wa alichokiona: "Nimemkuta sakafuni mara mbili mwezi uliopita." Inanisikitisha kwamba maneno ya mume yakitamkwa chumbani huandikwa haraka kuliko ya mke mwenye mwili wake, lakini nimeona hivyo mara nyingi, na kwa kuwa lengo ni faili, yatumie. Akianza kuulizwa yeye badala yako, aseme, "Mwulize mwenyewe."

Kabla hujainuka

Uliza mambo haya ukiwa bado umekaa: umeandika nini kama ugonjwa unaodhaniwa, na nirudi lini. Dawa za kuanzia, za maumivu au za homoni, kwa kawaida hupewa miezi kama mitatu. Zikishindwa, ndipo hatua inapanda, au unapewa rufaa kwa daktari bingwa. Tarehe hiyo iandikwe leo. Kusubiri bila tarehe ndiko kunakokula miaka.

Omba nakala za majibu. Si mistari ya mwisho tu, bali ripoti nzima na picha ikiwezekana. Vipange kwa tarehe, cha karibuni juu.

Ukiona umeenda, umerudi, umefuata masharti, na bado hakuna kilichochunguzwa wala kuelezwa, badilisha daktari. Huhitaji kugombana wala kuaga. Palipo na ofisi ya malalamiko, andika barua fupi yenye tarehe na ombi lililokataliwa, bila matusi. Kwa daktari mpya usianze na ubaya wa yule wa kwanza. Nimeona madaktari wakitumia muda wote kumtetea mwenzao wasiyemjua. Anza na ukurasa wako mmoja, uliopata mistari mipya: dawa iliyojaribiwa, muda wake, na kwamba haikufaa.

Na ukifikishwa kwenye upasuaji, kabla ya kuingia uliza watatazama sehemu zipi, nani atafanya, na kama wataona vidonda wataviondoa hapo hapo au watatazama tu. Ukiamka utaelezwa matokeo ukiwa bado na usingizi wa dawa, na jioni hutakumbuka, kwa hiyo msindikizaji wako awepo na aandike. Usitoke bila kuomba ripoti ya upasuaji kwa maandishi, picha zilizopigwa ndani, na majibu ya maabara ya vinyama vilivyotolewa yakishatoka. Yakikosekana, yaulizie siku ya kutoa nyuzi, na usisaini chochote kinachosema umekabidhiwa nyaraka kamili mpaka uzione.